Kakakuona Akataa Kusamehewa

Hadithi, jamani!

— Ije, tuione!

Niitoe nzima au niikate?

— Nzima!

Na ikimwasha mtu?

— Atajikuna mwenyewe!

Haya. Mmesema wenyewe, sitaki kulaumiwa.

Hapo zamani, zamani za kale hasa, wanyama walipokuwa wakisema na watu walipokuwa bado wanajua kusikiliza, palikuwa na nchi iliyotawaliwa na Mbogo. Mbogo alikuwa mfalme mwema. Najua alikuwa mwema kwa sababu alisema hivyo mwenyewe kila asubuhi, na waliokaa karibu naye wakaitikia, "Kweli tupu!" Waliokaa mbali hawakuulizwa.

Mfalme Mbogo alikuwa na rafiki, jina lake Kenge. Utotoni waligaagaa pamoja kwenye tope moja, na Mbogo hakulisahau tope lile hata siku moja. Mtu akimsema Kenge vibaya, Mbogo alijibu, "Huyo ni mwenzangu wa tope." Maneno yakaishia hapo. Hivyo Kenge akakua mnene, na ulimi wake ukakua mrefu.

Sasa, nchi ile ilikuwa na boma la miiba. Mkosaji alitiwa humo. Lakini wazee waliwaachia desturi hii: mvua ya kwanza ikinyesha, kabla mbegu haijatiwa ardhini, boma lifunguliwe na wote waliomo watoke. Wazee walisema mbegu haioti vizuri huku kuna aliyefungwa.

Basi siku hiyo kila mfungwa alisimama mlangoni, akasema kwa kinywa chake, "Nimekosa." Akanyweshwa maji kwa kata. Kisha akavuka mlango kwa miguu yake mwenyewe. Boma likibaki tupu, ngoma inapigwa, vyungu vinafunuliwa, watu wanakula, na kesho yake majembe yanashikwa. Boma lisipokuwa tupu, hakuna ngoma, hakuna kula, hakuna kupanda.

Zamani zaidi, kata ile ilishikwa na aliyekosewa. Aliyeibiwa ndiye aliyemnywesha mwizi wake maji. Lakini babu yake Mbogo alipotawala alisema, "Mnateseka bure. Nipeni mimi hiyo kata, nitawasamehea." Watu wakashukuru kwa kupunguziwa kazi. Tangu siku hiyo mfalme akawa anasamehe, na aliyekosewa akawa anasimama nyuma kupiga makofi.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Mwaka mmoja Mama Kanga alitaga mayai kichakani. Akaenda kunywa maji. Nyuma yake akapita Kenge. Kenge akayaona mayai, na mayai yakamwona Kenge, lakini mayai hayana miguu. Akayala yote, akajifuta mdomo kwenye nyasi, akaondoka zake.

Nawaambieni mapema ni nani aliyekula, kwa maana sipendi kusumbua watu waliochoka na kazi.

Kenge alipoondoka, wakaja sisimizi kulamba ute ulioachwa kwenye maganda. Na sisimizi walipojaa, akaja Kakakuona. Kakakuona huyu mnamjua: mwili wote magamba, kichwa kidogo, mwendo wa polepole wa mtu asiyedaiwa. Chakula chake ni sisimizi na mchwa, basi. Hana meno. Hana hata jino moja la kusingizia. Akaingiza ulimi wake kwenye ganda, akawa analamba sisimizi wake, moyo mweupe.

Mama Kanga akarudi, akapiga yowe. Watu wakaja mbio, Kenge naye akiwamo. Wakamkuta Kakakuona na ulimi ndani ya ganda.

Wakampeleka kwa mfalme.

"Nani aliyeona?" akauliza Mbogo.

Kenge akasogea mbele. "Mimi, mwenzangu. Nilipita nikauona ulimi wake ndani ya ganda la yai. Nikisema uongo, jua linikaushe."

Jua halikumkausha, maana alisema kweli. Jamani, uongo uliokolea hupikwa kwa kweli. Ukiupika mtupu unabaki chapwa.

"Kakakuona, una la kusema?" akauliza Mbogo.

"Ewe mfalme, nilikuwa nalamba sisimizi."

"Hao sisimizi walikuwa wapi?"

"Kwenye ganda."

"Ganda la nini?"

"La yai."

"Basi umekiri!" akasema Mbogo, akageuka huku na huku kuona kama watu wameisikia akili yake. Walioko karibu wakaitikia, "Kweli tupu!"

Mama Kanga alikuwa bado analia, lakini macho yake yalikuwa na kazi. "Baba mfalme," akasema, "maganda yale yana alama za meno. Huyu meno hana. Hebu—"

"Mama, pole sana kwa msiba," akasema Mbogo kwa huruma kubwa. "Tulia. Jambo lako tunalishughulikia."

Na mkisikia mkubwa anawaambia jambo lenu linashughulikiwa, tafuteni pa kukaa, mtakaa sana. Kakakuona akatiwa bomani.

Bomani alimkuta mfungwa mmoja, Nungunungu. Huyu alikuwa amekosa kweli, na mwenyewe hakuficha. Alichimba viazi vikuu vya Ngiri, akala, akavimbiwa, akakamatwa shambani akiwa amelala. Na Ngiri huyo huyo ndiye aliyekuwa bawabu wa boma. Kila siku Ngiri alimletea Nungunungu chakula, na kila siku Nungunungu alikula akiwa ameinamisha kichwa, maana ni vigumu kula mbele ya mtu uliyemlia vyake.

Kakakuona na Nungunungu wakawa marafiki. Ndani ya boma mlikuwa na kichuguu. Nungunungu alipenyeza miiba yake kwenye matundu, mchwa wakakurupuka, Kakakuona akalamba. Kakakuona naye alikuwa na kucha za kuchimbia, akamfukulia Nungunungu mizizi. Wakaishi hivyo, huyu anamfaa huyu.

Na kulikuwa na jambo lingine. Nungunungu, tangu azaliwe, hakuna mtu aliyewahi kulala karibu naye. Nani ataweza, na miiba ile? Mama yake mwenyewe alimpenda kwa mbali. Lakini Kakakuona ana magamba. Baridi ilipozidi, Kakakuona akaja akaegemea ubavu wake, akasema, "Sogea, ndugu yangu, unabana." Nungunungu akageuza uso. Alikuwa anaona haya kulia.

Baadaye Kenge naye akaletwa bomani. Ndiyo, Kenge! Alikutwa ndani ya ghala la wote, amelala chali juu ya samaki wakavu wa sikukuu, au tuseme juu ya miiba ya samaki wale, maana nyama ilikuwa imekwisha. Waliomwona walikuwa wengi mno, hata Mbogo akashindwa kulificha jambo. Akamfunga rafiki yake huku akiomboleza. Kisha akamletea mkeka, na mto, na chakula kutoka chungu cha mfalme.

"Maisha ya humu ni magumu jamani," Kenge akawaambia wenzake, akijinyoosha juu ya mkeka. "Usufi wa mto huu ni mkuukuu."

Siku zikapita. Mawingu yakajikusanya, mvua ya kwanza ikanyesha, ardhi ikanukia. Siku ya kufungua boma ikafika.

Nchi nzima ikakusanyika. Vyungu vikabandikwa vikubwa vikubwa, wali huku, mchuzi kule, kunde za nazi pale. Ngoma ikawekwa katikati. Mbogo akasimama mlangoni ameshika kata, na pembe zake zimepakwa mafuta.

"Mimi," akasema, "nina moyo wa kusamehe."

"Kweli tupu!"

Akaitwa Kenge kwanza. Kenge akaja akipiga miayo, akasimama mlangoni. "Nimekosa," akasema, kama mtu anayesema "nimeshiba."

Mbogo machozi yakamtoka. "Mwenzangu wa tope! Nimekusamehe samaki. Nimekusamehe na mengine uliyoyafanya tusiyoyajua. Nimekusamehe na hayo unayokusudia kuyafanya!"

Watu wakatazamana. Lakini mfalme alikuwa analia, na mtu mkubwa akilia ni vigumu kumuuliza swali. Wakapiga makofi. Kenge akanywa maji, akavuka mlango, akaenda kukaa kwenye mkeka ulio karibu na vyungu.

Akaitwa Kakakuona. Akaja na mwendo wake ule ule, akasimama mlangoni.

"Haya, sema," akasema Mbogo, kata mkononi.

"Niseme nini, mfalme?"

"Sema 'Nimekosa.'"

"Nimekosa nini?"

Ngiri aliyeshika mlango akakohoa. Mbogo akatabasamu, kwani aliona labda mtu huyu ni mshamba. "Wewe sema tu, bwana. Mimi nimekwisha kusamehe moyoni, limebaki neno."

"Mfalme, nashukuru," akasema Kakakuona. "Lakini msamaha huo si wangu. Ukimpa mtu nguo si yake, atatembea nayo vipi mbele ya mwenyewe? Mimi sikula mayai."

"Basi sema kwa sauti ndogo! Nitakusikia mimi peke yangu."

"Nitajisikia na mimi," akasema Kakakuona.

Alikuwa anaogopa, msidhani hakuogopa. Magamba yalikuwa yanagongana. Alijua asipotoka leo atakaa humo hadi mvua za mwaka ujao. Lakini alijua pia kwamba akitoka kwa neno lile, jina lake litakuwa mla mayai, naye atalikuta kila njia, na watoto wake watalikuta. Akabaki amesimama.

Mbogo akaona mchuzi unapoa. Akakasirika. "Mtoeni!"

Ngiri na vijana wenye nguvu wakaingia kumvuta. Nanyi mnajua Kakakuona akivutwa hufanya nini. Akaingiza kichwa tumboni, akazungusha mkia, akawa tufe. Wakavuta huku, wakavuta kule, hakuna pa kushika. Mmoja akasema, "Tumbiringishe!" Wakambiringisha kama nazi mpaka nje ya mlango. Mbogo akainua mkono ngoma ipigwe.

"Hapana!" watu wakapiga kelele. "Avuke kwa miguu yake! Ndivyo desturi ilivyo!"

Watu wale walikuwa na njaa, lakini walikuwa na mashamba pia. Nani atathubutu kupanda mbegu kwa ngoma ya hila? Basi ikabidi wambiringishe tena kumrudisha bomani. Wakahema. Kwa nini mnacheka? Ilikuwa kazi nzito ile, kumtoa mtu kwa nguvu na kumfunga kwa nguvu, yote kabla ya chakula.

Mbogo akafikiri. Alipofikiri sana, akapata jambo la kiujanja, na ujanja wa mtu asiyeuzoea ni mbaya kuliko wa mjanja.

"Nungunungu, njoo hapa," akasema.

Nungunungu akaja mbio, neno liko mdomoni. "Nime—"

"Ngoja! Wewe nitakusamehe, lakini rafiki yako akitangulia kusema. Asiposema, nyinyi wawili mtakaa."

Nungunungu akageuka akalitazama tufe lile. Akaenda akakaa kando yake.

"Ndugu yangu," akasema. "Ni neno moja tu. Mimi nimekosa kweli na nimechoka kukosa. Nataka nitoke nikalime vyangu. Walio nje wanajua wewe hukula. Kila mtu anajua. Sema tu, twende zetu. Nakuomba."

Tufe likafunguka kidogo, na pua ikatokea.

Jamani, hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumkatalia mfalme ni jambo moja. Lakini huyu alikuwa Nungunungu, aliyemtolea mchwa kwa miiba yake. Kakakuona akamtazama rafiki yake, roho ikamuuma. Akasema moyoni, "Jina langu ni nini mbele ya huyu? Nitalivaa hilo la mla mayai. Nitakwenda kuishi mbali." Akajikunjua taratibu. Akatembea hadi mlangoni. Akafungua mdomo.

"Nime—"

"Nyamaza!"

Watu wote wakageuka. Alikuwa Mama Kanga, ametoka nyuma kwenye wapiga makofi, mabawa yametanuka.

"Nyamaza, mwanangu, usinimalize," akasema. "Nimetaga tena. Mayai yangu yako kichakani sasa hivi. Ukisema umekosa, kesi imekwisha, mwizi amepatikana. Nitayalinda mayai yangu dhidi ya nani? Dhidi yako usiye na meno?" Akamgeukia Nungunungu. "Na wewe nakuonea huruma, baba, lakini uhuru wako usinunuliwe kwa watoto wangu."

Nungunungu akainamisha kichwa. "Sikuliona hilo, mama," akasema. Kisha akamwambia Kakakuona, "Usiseme, ndugu yangu. Tutakaa. Hata hivyo nje hakuna wa kunisogelea."

Mbogo akabaki na kata mkononi, maji yamekwisha kumwagika nusu. Watu wakaanza kunung'unika. Watoto wakalia njaa. "Basi kama si yeye," Mbogo akapaza sauti, "aliyekula mayai ni nani?"

Sasa Kenge kule mkekani alikuwa amekaa karibu na vyungu tangu asubuhi. Harufu ya kunde za nazi ilikuwa imempanda kichwani. Naye hakuona hatari yoyote; alikuwa mtu aliyesamehewa.

"Eh, jamani!" akasema. "Mnatutesa na njaa kwa jambo lililokwisha? Mayai nilikula mimi. Mfalme amekwisha nisamehe, na lile msilolijua limo. Mmesikia wote, mkapiga makofi. Pigeni ngoma tule."

Wapishi wakaacha miiko ndani ya vyungu.

"Wewe?" akasema Mbogo. "Si ulikuja kwangu ukashuhudia?"

"Nilishuhudia niliyoyaona, mwenzangu. Ulimi niliuona. Hukuniuliza nani alikula."

Mbogo macho yakawa mekundu. Akainamisha pembe, akakwangua ardhi. "Mkamateni! Mrudisheni bomani!"

"Mfalme," akasema Kakakuona kutoka mlangoni, "usimrudishe."

Mbogo akasimama. "Unamtetea huyu? Huyu aliyekufunga?"

"Simtetei. Umempa neno lako mbele yetu sote. Neno ulilompa mwongo ni lako, halikuwa lake. Ukilirudisha leo, kesho utarudisha la Nungunungu, kesho kutwa la mwingine, na mlango huu hautakuwa mlango tena. Halafu," akaongeza, kwani naye alikuwa na njaa, "ukimtia humu, boma litajaa zaidi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Neno la mfalme halirudi.

"Basi nifanye nini?" akasema Mbogo. Hapo alisahau kusema kwa sauti ya kifalme. "Kenge nimemsamehe, sina la kumfanya. Wewe hukukosa, huna la kusema. Na ngoma haipigwi. Mlango huu utavukwa vipi?"

"Kila anayevuka huacha kosa mlangoni," akasema Kakakuona. "Mimi nimejikagua, sinalo. Lakini kosa lipo, maana mimi nimo humu. Mwenye kosa la kunitia humu aje aliseme."

Hakuna aliyegeuka kumtazama mfalme. Kila mtu alitazama miguu yake mwenyewe kwa bidii kubwa. Na hata wale wa karibu hawakuitikia neno.

Nitamsifu Mbogo hapa, kwa sababu mtu husifiwa anapostahili: mfalme mwingine angeamuru chakula kiliwe bila ngoma. Mbogo hakuamuru. Akamwekea Ngiri ile kata mikononi, akaenda mlangoni.

Mlango wa boma ulikuwa mdogo, na pembe zake zilikuwa pana. Hajawahi kuingia humo. Alikuwa anaingiza wengine. Akajaribu moja kwa moja, pembe zikakwama. Akajaribu kwa upande, zikakwama. Mara ya tatu akapiga magoti, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa matope, akapita. Miiba ikamchuna mgongoni.

Mtoto mmoja akasema, "Mama, sasa wamekuwa watatu!" Akafunikwa mdomo.

Mbogo akasimama mlangoni kwa ndani, pale pale wanaposimama wafungwa. "Nimekosa," akasema. Sauti ilitoka ndogo mno. Akarudia, "Nimekosa. Nilimsikiliza rafiki yangu kwa masikio mawili, nikawa sina la kukusikilizia wewe."

Kakakuona akapokea kata kwa Ngiri kwa mikono yake mifupi, akaiinua. "Kunywa, baba. La kwangu limekwisha."

Mbogo akanywa. Akataka kuvuka.

"La kwake limekwisha," akasema Mama Kanga. "Na la kwangu?"

"Mama, wewe nilikukosea nini?"

"Uliyesamehe ni wewe, mayai yalikuwa yangu. Samaki walikuwa wetu sote, hilo na tulinyamazie. Lakini mayai? Ulinionea huruma ukanikalisha nyuma. Na sasa Kenge yuko nje, ameshiba, na amesamehewa hata anayokusudia. Nani ataniambia hakusudii?"

Watu wakaguna. Mbogo akainamisha kichwa. "Nimekosa, mama. Unataka nini?"

"Wewe ndiye uliyefungua njia, wewe uizibe. Usimguse Kenge, umempa neno. Lakini kichaka changu utakilinda wewe mwenyewe, si askari wako, mpaka watoto watoke kwenye mayai."

"Nitakilinda."

Mama Kanga akachukua kata, akamnywesha.

Ngiri akaipokea kata iliyobaki na maji kidogo. Akamtazama Nungunungu. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Nimekosa," akasema Nungunungu. "Viazi vyako vilikuwa vitamu, kaka, na kila siku vinanirudia kooni."

"Ulikula hadi mbegu, mshenzi wewe," akasema Ngiri. Akampa maji. "Kunywa. Kesho njoo tupande vingine."

Wakavuka: Nungunungu, Kakakuona, na mfalme nyuma yao kwa magoti. Boma likabaki tupu. Ngoma ikapigwa. Jamani, ilipigwa! Vyungu vikafunuliwa, watu wakala.

Kenge naye akapakuliwa sahani yake, imejaa kama za wengine. Alikuwa amesamehewa. Hakuna aliyemfukuza. Alipokaa mkekani, walioketi pale waliinuka mmoja mmoja wakahamia mkeka mwingine, wakaendelea kula. Akala peke yake, na hakumaliza.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mbogo akasimama penye kichaka cha Mama Kanga, maji yanamtiririka pembeni. Wapita njia walikuwa wakisema, "Shikamoo, mfalme," naye anajibu, "Marahaba," huku anapiga chafya.

Kenge akaja. "Mwenzangu, umelowa. Nenda ukajikaushe, nitakushikia zamu." Mbogo hakujibu.

Akaja tena. "Nataka kuyatazama tu, nione kama wazima." Mbogo hakujibu.

Akaja mara ya tatu. "Hivi wewe unaacha urafiki wetu wote kwa ajili ya mayai ya kanga?"

"Siuachi," akasema Mbogo. "Wewe bado ni rafiki yangu, ndiyo maana nimesimama hapa. Ungekuwa mtu baki, ningekwenda kulala." Na hakusogea.

Mayai yakaanguliwa. Vifaranga wakatoka, wakaona mlima mweusi mbele yao, wakaupanda. Mbogo hakuwatikisa. Ndege wengine wakaona, nao wakaja. Mpaka leo, mkimwona Mbogo porini, mtaona ndege wamekaa mgongoni, wanamdonoa, wanamnyea, naye ametulia tu. Wasomi watawaambieni ndege wale wanakula kupe. Waacheni waseme, kupe wamo. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini mnyama mwenye hasira kama yule anawavumilia?

Funzo la hadithi ni hili. Kusamehe kosa ambalo hukukosewa wewe ni sawa na kugawa mbuzi wa jirani: watu watakusifu, jirani atalia. Mwenye kushika kata amuulize kwanza mwenye jeraha. Na anayempenda rafiki yake asimfungulie njia ya kumla mwingine. Huko si kumpenda, ni kumnenepesha.

Nami hadithi yangu nimeitua chini. Iliyo nzuri chukueni, mbaya niachieni, mimi nina pa kuitupa.

— Tumeichukua!

Na waliosinzia?

— Watasimuliwa na jirani!

Haya, lalani salama.